Kodi Tatu na Nusu

Huku kuni hupimwa kwa kodi.
Nilipoambiwa, mwaka wa kwanza, nilicheka peke yangu dukani:
kumbe baada ya kodi ya nyumba na kodi ya serikali
kuna kodi ya kuni,
na baridi ndiye mwenye nyumba,
asiyeongeza siku hata moja.

Tulinunua tatu na nusu. Lori likazimwaga uani
mwezi wa tisa, kwa kishindo kilichoamsha mtoto,
na Shekue, mzaliwa wa Lushoto, anayedai anaijua baridi,
akaenda Rumford mjini akarudi na turubai la buluu.
Alizifunika gubigubi,
juu, chini, mbavu zote, akapitisha kamba, akakaza fundo,
akarudi nyuma hatua tatu kutazama kazi yake
kama mtu aliyefunga mzigo wa kwenda mbali.
Nami nikamsifu. Ningejuaje?

Januari tulipofungua, kuni zilikuwa zimetokwa jasho.
Naam, jasho, katika baridi ya kugandisha kope.
Uyoga ulikuwa umeota kwenye magome, mweupe, mwororo,
umenawiri kuliko sisi.
Tukazitia jikoni hivyo hivyo.
Zikatoa povu nchani, zikazomea,
moshi ukaikataa dohani ukaja kukaa nasi sebuleni.
Macho yetu mekundu, macho ya matanga,
na hakuna aliyefiwa.

Noelle Gagnon, dereva wa basi la shule,
ndiye aliyevuka barabara na koleo lake, sigara sikioni,
akalivuta lile turubai kwa mkono mmoja.
"Mmezika," akasema. "Kuni hazizikwi.
Kichwani kofia, mbavu wazi. Upepo upite."
Alikuja na vipande viwili vya kwake, akavigonganisha:
vikalia kama vikombe mkononi mwa muuza kahawa.
Akagonganisha vya kwetu.
Du.
Ndizi kwa ndizi.
Kisha akaondoka, watoto wa watu walikuwa wanamngoja njiani.

Mwaka huu nimepanga mwenyewe.
Chini, paleti nilizookota nyuma ya duka la rangi,
kuni zisilale zikainywa ardhi.
Mwaloni nyuma kabisa, huo ni wa mwakani;
hauna haraka, hutaka miaka miwili
ndipo ukubali kuachana na maji yake.
Mbele, ule mti wa gamba jeupe libandukalo kama karatasi,
mwepesi wa kushika, mwepesi wa kwisha.
Pengo la kumpitisha panya, paka abaki nje.
Agosti nzima nikangoja nyufa zijichore kwenye ncha,
nyufa kama za visigino vya mama wakati wa kiangazi,
zile alizozipaka mafuta ya nazi kila usiku zifunge.
Hizi mimi naziombea zizidi.

Kwetu Korogwe hatukuhangaika hivi. Uchaga ulikuwa juu ya mafiga,
moshi wa kuni za leo ukikausha za kesho,
na watu wakisema za uchagani huzicheka zilizo motoni.
Nilidhani ni onyo kwa wenye kiburi.
Sikujua ni habari ya kuni tu.

Usiku huu theluji imefika kwenye dirisha la chini.
Umeme umekatika tangu saa mbili, Shekue yuko zamu kiwandani,
imebaki kodi moja na robo, na Machi ya huku ni mwongo.
Naingia na mzigo kifuani, nakung'uta buti,
nazipanga tisa kando ya jiko la chuma,
mbali kidogo, zisiungue kabla ya wakati.
Ndani, wenzao wanapasuka.
Natulia, natega sikio.
Hizi za kando zinacheka kweli.

Haya, chekeni.
Saa kumi na moja alfajiri nitawaamsha.